Umepewa uadmini wa grupu la bustani hapa Dodoma? Mwongozo kamili wa kazi hii ya kujitolea

Wengi wanapata uadmini bila kuombwa. Mtu unatoka kazini Mtumba, umebanwa kwenye daladala, unafungua simu unakuta WhatsApp imekuandikia kwamba sasa wewe ni admini, hakuna kikao, hakuna maelezo, na mwenye grupu ukimuuliza anakurushia stika ya kucheka. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Mifano nimeichukua kwenye magrupu ya bustani za nyumbani na mizabibu ya uani maana ndo ninayoyajua, na yamejaa sana huku tangu serikali ihamie Dodoma, watu wamejenga Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, Mkonze, nyumba imeisha sasa wanataka kivuli na mchicha, wanakutana na ardhi ngumu, maji ya kisima yana chumvi, na mvua inaanza kama Desemba hivi ikifika Aprili imekata mpaka mwakani. Grupu lako likiwa la njiwa, baiskeli au kupiga picha we badilisha mifano tu, kazi ni ile ile.

Kitu kimoja kiweke kichwani kabla ya hatua yoyote. Kipimo cha admini ni swali la mgeni. Mtu ameingia jana, hajui chochote, ameuliza kitu ambacho kimeulizwa mara mia, je amepata jibu la kweli bila kuchekwa? Kama ndiyo, grupu lina admini. Kama aliambiwa "soma juu huko" au akapewa dawa ya kuua mti wake, hata muwe na sheria kurasa tatu hamna admini hapo.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujaitikia

Muulize aliyekupa uadmini mambo machache tu: grupu lilifunguliwa na nani, maadmini wengine ni kina nani na wangapi kati yao bado wapo hai kwenye simu zao, aliyetangulia aliachia kwa nini, na wewe unaruhusiwa kumtoa mtu bila kuuliza wenzako au la. Hilo la kwanza lina maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwenye WhatsApp aliyefungua grupu hawezi kutolewa na admini mwingine, anabaki mpaka aondoke mwenyewe. Kwa hiyo mkija kupishana na mwenye grupu jua mapema kwamba wa kuondoka ni wewe, yeye yupo.

Na usikubali kuwa peke yako. Admini pekee akitoka, WhatsApp inampa uadmini mwanachama mwingine yeyote tu, anaweza akawa yule yule muuza dawa za nguvu za kiume mliyekuwa mnajipanga kumtoa. Wanne au watano wanatosha kwa grupu la watu mia kadhaa. Msichaguane wote kutoka ofisi moja, mtakuwa mnalala na kuamka saa zile zile na kuudhiwa na mambo yale yale. Mweke mtumishi aliyehamia, mweke mwenyeji wa Hombolo au Veyula anayelima kweli, mweke mama anayeheshimika, mweke kijana anayejua mambo ya simu. Yule fundi wenu anayejua kila mti mwacheni ajibu maswali, msimpe uadmini kwa sababu ya ujuzi wake tu. Wajuzi wengi hawana subira, na ukishampa kazi ya kufuta matangazo umepoteza mtu wa kujibu.

Hatua ya 2: Andikeni sheria fupi, kwa maneno ya watu

Sheria iingie yote kwenye maelezo ya grupu na mtu aimalize akiwa amesimama kituoni. Mfano huu unaweza kuuchukua ukaurekebisha:

"Karibu. Hapa tunaongelea bustani, miti na mizabibu ya nyumbani, Dodoma na jirani. Ukiuliza weka picha na sema uko wapi. Ukitaja dawa taja na kipimo. Biashara Jumamosi tu. Siasa, dini, mapenzi na meseji za kuforwadi hapana. Kumcheka anayeuliza hapana kabisa. Ukiona tatizo mfuate admini inbox, usipigane hapa."

Imeisha. Hata hilo la Jumamosi ni pendekezo tu, wengine wanaweka mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara. Ila sheria ambayo hamko tayari kuitekeleza kwa mwenye grupu mwenyewe msiiandike, maana siku shemeji yake akipost viwanja vinauzwa Jumanne na nyie mkakaa kimya, hiyo sheria imekufa na watu wote wameona ikifa.

Hatua ya 3: Kaa na mipangilio dakika kumi

Grupu la WhatsApp linabeba watu hadi 1,024. Usikimbilie kulijaza. Ingia kwenye mipangilio ya grupu uwashe ile ya maadmini kuidhinisha kila anayetaka kuingia, alaf ile ya kubadilisha jina na picha ya grupu ibaki kwa maadmini tu, usipofanya hivo utaamka siku moja unakuta grupu linaitwa Simba Bingwa. Linki ya kuingilia ikishasambaa hovyo kwenye magrupu mengine ibadilishe, kuna sehemu ya kuifuta ya zamani na kutoa mpya.

Pia kuna kubandika ujumbe ukae juu, unaweza kubandika hadi mitatu na mwisho wake ni siku 30 unabandika tena. Watu wanabandika sheria pale. Mi naona ni kupoteza nafasi, sheria ziko kwenye maelezo tayari. Pale juu weka majibu ya msimu. Maswali ya Dodoma yanakuja kwa mafungu, mvua zikikaribia kila mtu anauliza miche na ukubwa wa shimo, zikichanganya wanauliza magonjwa ya majani, kiangazi kikikaza ni maji, mchwa na miti kukauka. Admini mwenye akili anachukua jibu zuri la mwaka jana, analisafisha, analibandika wiki moja kabla ya fungu lenyewe kufika. Ukifanya hivo maswali ya kujirudia yanapungua sana na hakuna aliyeambiwa asome juu.

Hatua ya 4: Mpokee mgeni na mfundishe kuuliza

Mgeni kwa kawaida haoni yaliyozungumzwa kabla hajaingia, kwa hiyo usimlaumu kwa kuuliza cha juzi. Akiingia msalimie kwa jina, ukiweza mtupie "mbukwenyi", ile salamu ya Kigogo, acheke kidogo ajue amefika Dodoma, alaf mpe maelekezo ya kuuliza. Swali la "mti wangu unakauka nifanyeje" halijibiki, na hapo ndipo wajuaji wanapoanza kubahatisha, huyu anasema mchwa, yule anasema mbolea, wa tatu anasema umelogwa.

Mwombe picha ya mti mzima, picha ya jani kwa karibu mbele na nyuma, picha ya shina pale linapogusa udongo. Alaf muulize yuko wapi, anamwagilia maji ya bomba au ya kisima, mara ngapi kwa wiki, ameweka nini mwezi huu. Utashangaa hayo majibu yenyewe yanamaliza nusu ya tatizo. Jani limeungua kingo kuanzia nchani, mtu anasema anamwagilia maji ya kisima kila siku, basi watu wanaanza kuongelea chumvi badala ya kumuuzia dawa ya wadudu. Hayo maswali yaandike mara moja uyahifadhi kwenye simu yako, mgeni akija unayabandika tu, hamna haja ya kuandika upya kila siku mpaka ukasirike.

Hatua ya 5: Linda majibu, hasa ya dawa

Hapa ndo kazi ilipo, na wengi hawaigusi kwa sababu wanadhani admini ni polisi wa matangazo. Ushauri mbaya unaharibu zaidi ya tusi. Tusi utalifuta, mzabibu wa miaka mitatu uliounguzwa haurudi.

Chukua hii. Mama wa Ipagala anapost majani ya mzabibu yana unga mweupe. Mtu anamjibu "ubwiri unga huo, piga salfa". Jibu halina uongo, ubwiri unga ni ugonjwa wa kawaida wa mizabibu na salfa inatumika. Lakini hajasema kiasi gani, hajasema saa ngapi, na salfa ikipigwa kwenye joto kali, nyuzi 30 na kitu kupanda, inaunguza majani. Dodoma mwezi wa kumi saa saba mchana unaijua. Yule mama anasoma jibu mchana huo huo, anatuma kijana dukani, saa nane wanapiga. Hapo admini hatakiwi kuwa bwana shamba, anatakiwa kuuliza tu swali moja mbele ya watu: "Mkuu asante, kipimo ni kiasi gani kwa bomba la lita 20, na apige saa ngapi?" Aliyejibu atakamilisha jibu lake au atanyamaza, na akinyamaza kila mtu ameelewa.

Kwa hiyo wekeni kawaida kwamba anayetaja kiuatilifu anataja jina lililoko kwenye kibandiko, kipimo kwa lita, muda wa kupiga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hilo la siku za kusubiri lishikilieni sana kwenye mboga, maana mchicha na chainizi mtu anapiga leo kesho anachuma anawapikia watoto. Dawa iwe imesajiliwa, wanaosajili na kudhibiti viuatilifu nchini ni TPHPA, ile mamlaka iliyotokana na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kitu cha kupimiwa kwenye chupa ya maji bila kibandiko msikubali kijadiliwe hata kama kila mtu anasema kilimsaidia. Jambo likiwazidi mpeleke mtu kwa afisa ugani wa kata yake, na kama ni zabibu wapo watafiti wa TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Makutupora hapo hapo Dodoma, hao kazi yao ndo hiyo.

Na zile dawa za mtaani? Kila mwaka atatokea wa kusema mwaga oili chafu kwenye shina mchwa wasisogee. Usifute. Ukifuta anabaki na imani yake anaenda kuwaambia inbox. Mwache, alaf mtag mtu anayejua aeleze kwamba oili inaharibu udongo huo huo ambao mti unautegemea, na aseme afanye nini badala yake. Kufuta ubaki nako kwa kitu cha kudhuru mtu mwilini, mfano anayeshauri kuchanganya dawa mbili kali kwa mikono mitupu. Hicho toa hapo hapo na andika kwa nini umetoa.

Voisi noti nazo. Mzee anaongea dakika sita, ndani yake kuna dhahabu ya sekunde arobaini. Wengine hawana bando, wengine wako kikaoni, na kesho haitafutiki. Mwombe mtu mmoja kila siku aandike mistari miwili ya alichosema mzee. Wazee hawakwaziki na hilo, wanafurahi kabisa kuona maneno yao yameandikwa.

Hatua ya 6: Biashara, matapeli, na hela za watu

Muuza miche sio adui, kwenye grupu la bustani anahitajika. Mpe siku yake, mtake aweke bei, picha yake mwenyewe na mahali alipo. "Bei inbox" kataa.

Matapeli ni kitu kingine. Kuna zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" na za kujifanya mwanachama simu yake imebadilishwa namba. Mtoe mara moja bila majadiliano, waambie watu namba imetolewa, na wakumbushe kwamba meseji za kitapeli zinatumwa kwenda 15040 bure, na *106# inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akaunti ya mwanachama mnayemjua ikianza kuomba hela ghafla mpigie simu ya kawaida kwanza, huenda imedukuliwa na yeye mwenyewe hajui.

Sasa hela. Ikifika msimu mtataka kuagiza miche kwa pamoja ili mpunguziwe bei. Ni jambo zuri na ndilo linaloua magrupu. Admini asipokee hela kwenye namba yake binafsi akiwa peke yake, hata kama ni mwaminifu kama nini, maana gari likiharibika njiani miche ikafika imekauka atakayetukanwa ni yeye. Chagueni watu wawili ambao sio maadmini, majina ya waliotuma yawekwe kwenye grupu kila jioni, risiti ya muuzaji ipigwe picha ibandikwe, na iliyobaki irudishwe, hata kama ni mia tano. Bora mtu alipe moja kwa moja kwa muuzaji kama inawezekana, mi ningechagua hiyo kila siku.

Hatua ya 7: Ugomvi

Fuata mlolongo huu, usiruke: mfuate mtu inbox, akirudia mwonye kwa kumtaja grupuni, akirudia tena mtoe kwa muda mliokubaliana, mfano wiki mbili. Kumtoa moja kwa moja iwe kwa utapeli, picha chafu na vitisho.

Inbox ndo sehemu yenye ufundi. Mtu mzima amemjibu binti wa chuo "nyie wa UDOM mnajua kula chipsi tu", na binti ameondoka hewani. Usimwandikie mzee namba ya sheria aliyovunja. Andika hivi: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, ile meseji ya mchana nimeitoa, yule binti alikuwa anauliza tu na watu wameipokea kama matusi. Naomba ukipata nafasi umjibu lile la maji ya chumvi, wewe ndo unalielewa kuliko sisi." Umemheshimu, umemwambia, na umempa mlango wa kurudia. Wengi wanarudi na jibu refu na "mwanangu" juu yake. Ukifuta ujumbe WhatsApp inaonyesha kwamba admini kafuta na jina lako lipo, kwa hiyo usidhani umejificha, bora uwahi kumwambia mwenyewe.

Utani wa makabila huku hauwezi kuuzuia na sioni sababu, Wagogo wenyewe wanautoa na kuupokea vizuri. Angalia tu kama bado ni wa pande mbili. Ukiona anayetaniwa ameacha kujibu, ukate.

Ukiwa umekasirika wewe, usiguse kitu. Mwambie admini mwenzako aingie. Moto ukiwa mkubwa sana funga grupu kwa maadmini tu waandike, sema mnafungua saa ngapi, na mfungue saa hiyo hiyo.

Misiba na birthday haviko kwenye kundi la ugomvi ila vinazaa ugomvi, maana mtu amefiwa, "pole sana" zinashuka themanini, na swali la mtu ambaye mbuzi wamemmalizia miche limezikwa humo. Hapo hakuna sheria itakayokuja kupendwa. Wengine wanaandika tangazo moja la admini watu wanaweka alama ya mkono chini yake. Mkiwa wengi fungueni jumuiya, ile ya WhatsApp inayoweka magrupu kadhaa chini ya jina moja, ilitoka Novemba 2022, muwe na grupu la maswali na grupu la kijamii kwa ajili ya pole, hongera na vichekesho.

Hatua ya 8: Jua sheria ya nchi, kwa ufupi

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa mpaka grupu la mchicha. Kifungu cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo mtu akijua ni za uongo na kwa nia ya kupotosha, adhabu inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Ndo maana "meseji za kuforwadi hapana" imo kwenye sheria zenu, na kipindi cha uchaguzi isimamieni bila aibu, nusu ya wanachama wenu ni watumishi na hawataki skrinshoti.

Alaf kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kwa admini maana yake ya kawaida ni kwamba orodha ya namba za wanachama haigawiwi. Atakuja muuza mbolea na shilingi zake kuomba namba. Mjibu aje Jumamosi kama wenzake.

Hatua ya 9: Pangeni zamu, na jueni kuachia

Kujitolea kuna mwisho wake. Kule Marekani kampuni ya AOL miaka ya tisini ilikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea wanasimamia vyumba vyake vya mazungumzo, wakapewa ratiba na taarifa za kujaza kama waajiriwa, mwaka 1999 baadhi yao wakaishtaki na ikaja kumalizika 2010 kwa dola milioni 15. Nyie hamna wa kumshtaki, kwa hiyo msijibebeshe. Zamu ya wiki moja moja inatosha, mwenye zamu anaangalia asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala, wengine wanakuwa wanachama wa kawaida na ruhusa ya kuzima sauti ya grupu. Muwe na kagrupu kadogo ka maadmini, kila anayetolewa iandikwe humo jina, tarehe na sababu, vinginevyo mmoja anatoa mwingine anarudisha.

Ukichoka sema. Dalili ni kwamba ukiona mlio wa grupu unasonya kabla hujasoma. Waambie wenzako mwezi mmoja kabla, mkabidhi mrithi yale majibu uliyohifadhi, mwonyeshe nani ana kesi ya wazi na nani ni mkali ila ni mtu mzuri, alaf mwombe admini mwingine akuondolee uadmini huku ukibaki mwanachama. Ukitaka kutoka kabisa unaweza kutoka kimya kimya, sa hizi ni maadmini tu wanaopata taarifa kwamba umetoka. Ukiamua kubaki, kaa wiki za mwanzo bila kumrekebisha mrithi wako mbele ya watu, akikosea mfuate inbox kama ulivyokuwa unawafuata wengine.